Wi-Fi imejaa, mbona intaneti inakwama?

Wengi huamini kwamba alama ya Wi-Fi ikijaa kwenye simu, basi intaneti ina kasi. Sivyo. Alama hiyo huonyesha tu nguvu ya mawimbi ya redio kati ya simu na ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Yanayotokea nyuma ya ruta haiyajui. Chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, na alama itabaki imejaa vilevile (simu nyingi huongeza alama ya mshangao, ambayo ni wachache huitazama). Tena, mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 (gigahezi ni kipimo cha masafa ya redio) hudhoofishwa zaidi na kuta kuliko ya 2.4, lakini hubeba data nyingi zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana vistari viwili vya alama kwenye gigahezi 5 huweza kuvishinda vinne vya 2.4, hasa kwenye jengo lenye ruta nyingi zinazogombea masafa yaleyale.