Kambi si adhabu ya watoto watundu

Wazazi wengi wa Nairobi wakisikia kijana wa jirani anapelekwa kambini, huuliza amefanya kosa gani. Wanadhani kupanda milima na kulala hemani ni dawa ya utundu. Sivyo kabisa: kambi hufunza uongozi, na dhana hiyo inawanyima nafasi vijana wengi wenye bidii.

Chukua Tuzo ya Rais, mpango wa kuwakuza vijana ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 1966. Ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24, na kila mmoja hujiunga kwa hiari yake. Safari ya porini ni sehemu moja tu. Nyingine ni kuhudumia jamii, kujifunza stadi na mazoezi ya mwili. Ngazi ya chini, ya shaba, hudai safari ya siku mbili; ya juu, ya dhahabu, siku nne.

Uongozi wenyewe utauona kule vilima vya Ngong, ukungu umetanda na kundi halikubaliani njia ipi inashuka. Mmoja kashika ramani, mwingine ana malengelenge kisiginoni. Mlezi yuko nyuma, kimya, maana alishawafunza kabla ya safari na ataingilia tu pakiwa na hatari. Wamsubiri mwenzao, au wagawane mzigo wake? Lazima waamue wenyewe. Aliyeburutwa huko kwa adhabu atabaki kuhesabu saa tu.

Wala si lazima kwenda mbali: skauti hupiga hema kwenye kambi yao ya Rowallan, jirani kabisa na Kibra. Mzazi, ulizia shuleni kama kuna kikundi, kisha muulize mwanao kama anataka.