Madawati Hayafuti Majitaka: Bodi ya Kampuni na Wajibu Wake kwa Mazingira na Jamii

Katika taarifa za mwaka za kampuni nyingi, ukurasa wa uendelevu ni wa picha: mkurugenzi mtendaji anakabidhi madawati, wanakijiji wanapiga makofi, miche ya miti iko tayari kupandwa. Si vibaya. Lakini msaada ni hiari. Kinachoweza kuwafikisha wakurugenzi mahakamani ni bomba linalotoka nyuma ya kiwanda, na bomba hilo mara nyingi halijawahi kuwa ajenda ya kikao.

Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 (Sura ya 212) inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni, azingatie pia maslahi ya wafanyakazi, na awe na uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa nafasi yake. Kipimo cha uangalifu kina pande mbili: kile ambacho mkurugenzi yeyote makini angekijua, na kile ambacho huyu mwenyewe anakijua. Mhandisi wa maji akikaa kwenye bodi hawezi kujitetea kwamba mambo ya mabwawa ya majitaka yalimpita kando. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006, imetaja moja kwa moja jamii na mazingira katika wajibu wa mkurugenzi. Vifungu vyetu vya wajibu havikufika huko. Baadhi ya bodi husoma ukimya huo kama ruhusa.

Hapo ndipo zinapokosea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 (Sura ya 191) inaweka kosa la kampuni mabegani mwa wakurugenzi na maofisa wake pia, pale walipojua au walipaswa kujua na hawakufanya jitihada za kutosha kulizuia. Maneno "walipaswa kujua" ndiyo yenye uzito. Mjumbe asiye mtendaji, aliyeombwa kuingia kwenye bodi kwa heshima ya jina lake na anayefungua makabrasha akiwa tayari mezani, yuko hatarini kama wenzake, pengine zaidi, kwa sababu hana hata rekodi ya kuwahi kuuliza.

Tuchukue kiwanda cha mvinyo hapa Dodoma. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Maji ya kuoshea matangi, mashine ya kukamulia na sakafu hutoka na sukari, maganda, mbegu na mashapo ya hamira. Ni maji yenye asidi, na BOD yake, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu huo, hufikia maelfu ya miligramu kwa lita. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu miligramu 30 tu kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 6.5 na 8.5. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza maji.

Kinachoharibika kinajulikana. Bwawa limechimbwa kwa kufuata wastani wa majitaka ya mwaka mzima, ilhali mzigo wote unakuja ndani ya wiki chache. Mavuno ya Februari yanaangukia katikati ya msimu wa mvua wa Dodoma, hivyo bwawa linajaa kwa juu na kwa chini: mvua na kiwanda. Wasafishaji wanamwaga magadi makali ya kuoshea matangi kwa mkupuo mmoja, vijidudu vinakufa, bwawa linaanza kunuka. Ukingo ukizidiwa, maji yanashuka korongoni, na korongoni ndiko watu wanakofukua mchanga kupata maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Halafu kuna ujanja wa chokaa. Mkaguzi akitarajiwa, chokaa inamwagwa na pH inapanda vizuri kabisa. BOD inabaki palepale.

Kwa hiyo bodi isiridhike na sentensi ya "tunazingatia matakwa yote ya mazingira". Kikao cha kabla ya mavuno kiletewe vitu vinavyoshikika. Kwanza matokeo ya maabara ya sampuli iliyochukuliwa kwenye mdomo wa bomba katika wiki ya kilele ya msimu uliopita, yakiwa na tarehe na saa, na BOD iwemo. Kisha kina kilichobaki kati ya uso wa maji na ukingo wa bwawa. Chini ya nusu mita kabla mvua hazijakolea, kuna kazi ya kufanya. Kibali cha kutumia maji na kibali cha kumwaga majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde vipitiwe tarehe zake; kwa Dodoma mjini ni Bonde la Wami/Ruvu, kwa Singida ni Bonde la Kati. Mwisho kile cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, pamoja na masharti yake, ambayo watu hawayasomi. Kiwanda kikinunuliwa, cheti kinaweza kuwa bado na jina la mmiliki wa zamani. Matangi yakiongezwa, uzalishaji unaweza kuwa umekipita kile kilichotathminiwa. Yote mawili yanarudishwa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, kabla ya msimu, si baada ya malalamiko.

Upande wa jamii nao una bomba lake. Zabibu ikishavunwa haisubiri, kwa hiyo mkulima anayeuza kwa mkopo hana nguvu ya kujadiliana. Katika hesabu za robo mwaka deni lake limefichwa ndani ya "wadai wengine". Mjumbe aombe orodha ya wakulima wanaodai, ikigawanywa kwa siku 30, 60 na 90. Karatasi hiyo moja inaeleza uhusiano wa kampuni na vijiji kuliko kurasa za picha.

Kwa wafanyakazi, swali la kwanza liwe la matangi. Lita moja ya juisi ya zabibu ikichacha hutoa zaidi ya lita 40 za kaboni dayoksaidi, hewa nzito inayotuama chini bila rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Anayeingia kusafisha huanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Bodi iulize kama kuna kipima hewa kinachofanya kazi, kibali cha maandishi cha kuingia tangini na mtu wa kusimama nje. Papo hapo iulize asilimia 3: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kuajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango hicho.

Kuhusu taarifa ya mwaka, kiwango cha NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kiitwacho TFRS 1, kinachotumika tangu Januari 2021, kinataka wanaosimamia kampuni waeleze hatari kuu, mazingira, wafanyakazi na jamii. Kuandika humo kwamba hakuna hatari yoyote ya mazingira huku bwawa likivuja ni kujitengenezea ushahidi.

Ushahidi wa kujitetea, kwa upande mwingine, unatengenezwa na katibu wa kampuni. Muhtasari unaosema "taarifa ilipokelewa" haumsaidii mtu. Uandikwe nani aliuliza nini, menejimenti ilijibu nini, fedha kiasi gani ziliidhinishwa na nani atarudisha majibu tarehe ipi. Mjumbe asiyekubaliana ahakikishe pingamizi lake limeingia kabla muhtasari haujasainiwa. Kujiuzulu hakufuti kipindi alichokuwa kitini, na mabadiliko yasipopelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, jina lake litaendelea kusomeka kwenye daftari siku wachunguzi watakapolifungua.