Mchezo Unaofunza Kumbukumbu Hauwezi Kuipima

Katika kazi yangu ya kupima kumbukumbu za wazee, swali ninaloulizwa mara nyingi na watoto wao ni hili: alama za mama katika mchezo wa simu zimekuwa zikipanda mwezi mzima, je, kumbukumbu yake imerudi? Huwa sijibu upesi, kwa sababu mchezo uleule hauwezi kuwa mwalimu na mtihani kwa pamoja.

Chukua mchezo wa kadi zilizofunikwa, ambao mchezaji hufunua mbilimbili akitafuta jozi. Mzee anapoucheza mara ya kwanza, makosa yake hunieleza mengi. Akirudia kufunua kadi aliyoiona sekunde chache zilizopita, mimi hushuku umakini au kumbukumbu ya muda mfupi. Akimaliza vizuri, lakini baada ya nusu saa nikamwonyesha picha zilezile zikiwa zimechanganywa na nyingine asiweze kuzitambua, hapo mimi huingiwa na wasiwasi zaidi, kwani kushindwa hata kwa kudokezewa ni tofauti na kule kuchelewa kukumbuka ambako ni kawaida ya uzee. Kufikia mara ya ishirini, ameshajibunia mbinu, pengine ya kufunua safu kwa safu, na vidole vimezoea kioo. Alama zinapanda, ila ninachokipima si kilekile tena. (Kwa asiyezoea simu, hata ile mara ya kwanza ina kasoro, kwa hiyo huanza na raundi ya kujaribu ambayo siihesabu.)

Kuhusu kufunza, ninauamini zaidi utafiti wa Marekani uitwao ACTIVE, uliowahusisha watu 2,832 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, kama vile kupanga maneno kwa makundi na kujenga picha akilini, la pili kufikiri kwa mantiki, na la tatu kuongeza kasi ya kuchakata taarifa kwa kutumia kompyuta, huku kundi la nne likiachwa bila mafunzo kwa ajili ya ulinganisho. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba kila kundi lililofunzwa liliboreka katika kile kile lilichofundishwa. Ripoti ya mwaka 2014, miaka 10 baada ya mafunzo, ilikuta faida ya mantiki na ya kasi ingalipo, lakini ya kumbukumbu ilikuwa imefifia. Ukiyajua hayo, matangazo ya programu zinazoahidi kuizuia shida ya akili (dementia, yaani kumbukumbu na fikra kudhoofika kwa ugonjwa) utayasoma kwa tahadhari.

Kwa hiyo mama huyo simkatazi mchezo wake, maana anaufurahia. Vipimo vyangu huvifanya kwa orodha za maneno na picha ambazo hajawahi kuziona, nikibadilisha toleo kila anaporudi, nami humwomba mwanawe aandike ni mara ngapi mama amekunywa dawa bila kukumbushwa.