Nakala rudufu ni nini, na diski ipi ya nje inaifaa kompyuta ya nyumbani

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, sauti imemkauka. Diski yake ya nje, ile nyeusi ndogo anayoichomeka kwenye laptop, mtoto ameivuta kwa waya ikaanguka sakafuni. Sasa akiichomeka inagonga tik, tik, tik, na kompyuta haiioni.

"Pole sana, shem. Ila kwenye laptop si picha bado zipo?"

"Nilizifuta. Laptop ilikuwa imejaa."

"Sasa bakapu iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo iliyoanguka!"

Waliosoma enzi za mashine ya kurudufia mitihani wangeona kosa mara moja. Mwalimu alichapa mtihani kwenye stensili, akaifunga kwenye mashine, akazungusha mkono, zikatoka karatasi zinazofanana huku wino unanuka ofisi nzima. Kurudufu ni kutoa kingine cha namna ile ile, na cha kwanza kibaki. Nakala rudufu, au bakapu kama wengi tunavyosema, ni nakala ya ziada ya kitu ambacho bado unacho kwingine. Cha kwanza kikitoweka, hicho kilichobaki ndicho asili yenyewe, hata kama kimekaa ndani ya kitu kilichoandikwa "backup" kwa herufi kubwa kwenye boksi. Shemeji hakurudufu picha zake, alizihamisha. Zilikuwa sehemu moja kabla ya kununua diski, na baada ya kuinunua zilikuwa bado sehemu moja, ila sasa sehemu inayoweza kudondoka mezani.

Lugha ya dukani inachangia. Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema unataka bakapu, utapewa diski, utalipa, na utaondoka ukijiona umeshajikinga. Ulichonunua ni chombo. Bakapu utaifanya wewe nyumbani, na utairudia kila wiki. Nalisema hili mapema kwa sababu ukilishika, maswali ya diski ipi ununue yanakuwa mepesi sana.

Swali la kwanza ni ukubwa. Anza na kompyuta yako kabla ya duka: angalia ni gigabaiti ngapi zimetumika na uwezo wake wote ni kiasi gani. Apple hushauri diski ya bakapu iwe na angalau mara mbili ya uwezo wa kompyuta, na ushauri huo unafaa hata kwa asiye na Mac. Laptop yenye gigabaiti 512 inatulia vizuri na diski ya terabaiti 1. Usishtuke ukiichomeka ukaona imeandikwa 931. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili, ila Windows huita gigabaiti kile chenye baiti 1,073,741,824, na ukigawanya hivyo unapata 931.

Kwa nini mara mbili, wakati data yenyewe haizidi ukubwa wa kompyuta? Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Tuseme Jumatatu umefungua hati ya mahesabu ya kikoba, ukafuta kurasa tatu kwa bahati mbaya, ukahifadhi. Alhamisi ndiyo unagundua. Kama bakapu yako inabeba hali ya jana tu, basi nayo imeshanakili kosa lako kwa uaminifu kabisa. Ndiyo maana programu nzuri za bakapu hutunza matoleo ya nyuma. Time Machine, iliyokuja na Mac mwaka 2007, hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi. Diski ikijaa, inafuta za zamani kabisa. Windows ina File History tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Wa Linux wana Déjà Dup. Zote zimo au ni za bure, na zote zinataka nafasi ya kupumulia. Mtu anayeburuta folda kwa mkono kila mwisho wa mwezi na kukubali kufuta ya zamani ana bakapu ya siku moja tu, ile ya mwisho.

Sasa aina. Zipo diski za sahani zinazozunguka, ambazo mafundi huziita HDD, na zipo SSD zisizo na kitu kinachozunguka. HDD ina ukoo mrefu: ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1956, sahani 50 kubwa zilizobeba herufi kama milioni 5 kwa jumla, yaani picha moja tu ya simu ya leo ingeijaza. Ya sasa inaingia mfukoni lakini kazi ni ile ile. Sahani inazunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ikianguka imezimwa, vichwa vimeegeshwa pembeni na ina nafasi ya kupona. Ikianguka inazunguka, kichwa kinaweza kuparuza sahani. Ile tik, tik ya shemeji mara nyingi ni kichwa kinachohangaika kutafuta njia bila kuiona. Ukiisikia, chomoa na usijaribu tena. Kila jaribio linaweza kukwangua zaidi. Na kuiweka kwenye friji, kama jirani mmoja alivyoshauri, ni kuiongezea unyevu tu.

SSD haina cha kuparuza. Ni nyepesi, ina kasi, na ikidondoka mezani kwa kawaida unaiokota na kuendelea na kazi. Lakini kwa fedha ile ile HDD inakupa nafasi kubwa zaidi, na kwa bakapu nafasi ina uzito kuliko kasi. Tena SSD hutunza data kwa chaji za umeme zilizonaswa ndani yake, na chaji hizo huvuja taratibu ikikaa bila umeme. Viwango vya JEDEC, chama cha viwanda vya chipu, vinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida, hata ikiwa imeshatumika hadi kikomo chake cha uandishi, itunze data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Droo la Dar es Salaam mwezi Februari huzidi nyuzi hizo. SSD mpya hukaa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo sisemi itakufia wiki ijayo. Nasema mimi sitaiweka kabatini miaka minne na picha za harusi ndani. Kama diski itakaa nyumbani, nachukua HDD. Kama inasafiri kwenye begi kila siku, kwenye bodaboda na daladala, SSD inastahili bei yake.

Ukishaamua HDD, utakuta za inchi 2.5 na za inchi 3.5. Ndogo hula umeme wa USB, waya mmoja tu, na laptop yenye betri haitikisiki umeme ukikatika. Kubwa huja na adapta yake ya ukutani, kwa hiyo TANESCO au KPLC wakikata katikati ya kunakili, diski inazimika papo hapo huku laptop inaendelea kuwaka, na faili lililokuwa linaandikwa hukatika njiani. Nyumba nyingi za kwetu zinahitaji ndogo. Kubwa nampa mwenye kompyuta ya mezani, video nyingi, na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, inayofanya kazi kweli.

Mambo ya USB yasikuchoshe. Hakikisha diski na tundu la kompyuta ni vya USB 3, ambavyo mara nyingi hutambulika kwa plastiki ya bluu. Kwenye USB 2 gigabaiti 500 zinakula kama saa nne. Kwenye USB 3 diski ya sahani inamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Na bakapu inayochosha haifanyiki. Diski nyingi ndogo za siku hizi huanza kwa kasi halafu zinapunguza mwendo katikati ya kazi kubwa kwa sababu ya jinsi njia za data zilivyobananishwa kwenye sahani. Ziache usiku zimalize.

Angalia pia kile kitundu kwenye diski yenyewe. Baadhi ya diski ndogo zimeunganishiwa USB moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo kitundu kikilegea fundi hawezi kutoa diski na kuitia kwenye kasha jingine. Usiibebe kwa waya, na usiuache waya unaning'inia ukingoni mwa meza, hasa nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Linalonikera kuliko yote ni diski bandia. Zinauzwa mtandaoni na barabarani, kijisanduku cha bati kinachong'aa, "terabaiti 16", bei ya kiatu. Ukikifungua mara nyingi unakuta kadi ya kumbukumbu kama ya simu imegundishwa ndani, uwezo wake gigabaiti 64 au chini. Ujanja uko kwenye kidhibiti, ile chipu inayoiongoza diski: kimefundishwa kuiambia kompyuta kuwa nafasi ni terabaiti 16. Unanakili, mstari unasonga, majina ya mafaili yanaonekana yote. Nafasi ya kweli ikishajaa, kinachofuata kinaandikwa juu ya kilichotangulia au kinatupwa. Siku ukifungua picha unaona jina bila picha. Huu ndio uovu wake: inakupa utulivu wa moyo miezi sita kabla ya kukuumiza.

Dawa ni kujua kidogo tu kuhusu soko. Diski ya sahani ya inchi 2.5 iliishia terabaiti 5 kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ndipo Western Digital wakafikisha 6. Kwa hiyo HDD ya kiganjani ya terabaiti 16 haipo, hata muuzaji aape. Watengenezaji wa diski za sahani nao wamebaki watatu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba, majina mengine kwenye makasha hununua kutoka kwao. Dai risiti yenye namba ya diski, na uiingize kwenye tovuti ya kampuni kuona kama waranti inatambulika. Kisha, kabla hujaiamini, ijaze. Programu ya bure H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huandika diski nzima na kuisoma tena. Inachukua saa nyingi. Zitoe.

Ufomati, yaani mpangilio ambao diski hutumia kuandika mafaili, nao una mtego wake mdogo. FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu ya send-off itagoma. NTFS ni ya Windows, na Mac huisoma bila kuiandikia. exFAT inaingia kote. Kwa diski ya kompyuta moja tu, acha programu ya bakapu ichague yenyewe.

Baada ya kununua, diski ikae wapi? Watu wengi huiacha imechomekwa daima ili bakapu ijifanye yenyewe, na mantiki yao naiona. Lakini kilichochomekwa kinashiriki hatari za kompyuta. Kirusi cha kompyuta cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, kilifunga kwa msimbo mafaili ya kompyuta pamoja na yaliyokuwa kwenye diski zilizochomekwa. Radi ikipita kwenye umeme haichagui. Mwizi akibeba laptop, diski iliyo ubavuni anaifanya zawadi. Mimi naichomeka Ijumaa jioni, inamaliza, naichomoa kwa utaratibu na kuirudisha kabatini.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Ile ya nje kwa wengi ni hifadhi ya mtandaoni, na kwa nyaraka muhimu nakubaliana nao. Kwa gigabaiti 400 za video, bando lako litakuonya mapema. Tena Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala ndani ya nyumba aliendelea na kazi. Njia yangu ni diski ya pili, ya bei nafuu, inayokaa kwa dada yangu Morogoro na kubadilishana na ya nyumbani kila ninapokwenda. Nimeifunga kwa nenosiri, maana ina vitambulisho na vyeti vya familia. Windows Pro ina BitLocker, Mac inasimba yenyewe ukiiambia, na VeraCrypt ni ya bure kwa wote. Nenosiri liandike mahali. Ukilisahau, hakuna fundi wa kukufungulia.

Shemeji alinunua diski mpya ya terabaiti 2 mwezi uliofuata. Tuliijaza kwanza kwa H2testw, ikapita, tukawasha File History. Kisha nikamwambia achague picha moja aipendayo kwenye laptop, aifute kabisa, halafu airudishe kutoka kwenye diski mbele yangu.

"Nifute kweli, shem?"

"Futa."

Alifunga macho akabonyeza. Ilirudi baada ya sekunde tano hivi: mtoto yule yule mvuta waya, ana mwaka mmoja, uso umejaa keki.