Kauri mlimani, askari mlangoni

Kazi yangu ni kauri, zile kombe ndogo za konokono wa baharini. Nimekulia Tanga, nikiziokota na bibi maji ya bamvua yakikupwa na mwamba ukabaki wazi. Siku hizi ninafuatilia zilikofika. Ndizo zilizonipeleka kwa Wakalasha, watu wapatao 4,000 wa mabonde ya Bumburet, Rumbur na Birir katika milima ya Hindu Kush, Pakistan. Bahari iko mbali mno nao, lakini kupas, kilemba cha wanawake kinachoshuka mgongoni, kimeshonewa kauri safu kwa safu.

Mjini Chitral polisi waliniandikisha, wakanipa askari mwenye bunduki. Nyumbani kila mtu huniuliza: kwani hao watu ni wakali? Hata kidogo. Ni watu wa amani kabisa, na salamu yao kwa mwanamke ni "ishpata baba", ambapo hilo "baba" ni dada! Hatari hutoka ng'ambo ya mpaka wa Afghanistan. Septemba 2009 mwalimu Mgiriki aliyewasaidia kwa miaka mingi, Athanasios Lerounis, alitekwa Bumburet na Taliban. Polisi aliyemlinda aliuawa. Mwalimu akaachiwa Aprili 2010.

Mpaka huohuo ndio uliowaacha wachache hivi. Ulichorwa 1893. Miaka miwili mitatu baadaye Amiri wa Afghanistan, Abdur Rahman Khan, aliivamia Kafiristan upande wa pili, akawaingiza watu wake katika Uislamu kwa nguvu, na nchi ikapewa jina la Nuristan. Wakalasha walikuwa chini ya mtawala wa Chitral, upande wa Waingereza, wakabaki na dini yao ya kale.

Sasa, bunduki na utafiti. Siku ya kwanza nilikaa na mama mmoja kibarazani pake, askari kasimama hatua mbili nyuma yangu. Kila nililouliza lilijibiwa "ndiyo". Siku ya pili nilimwomba askari akae chini ya mjozi, mahali anaponiona nami namwona. Alikubali bila kinyongo. Nawasihi watafiti wenzangu: msimtoroke mlinzi, maana roho yake nayo imo hatarini, lakini mpangieni pa kukaa.

Mama aliingia ndani, akarudi na kupas ya marehemu mama yake, akaniwekea mapajani. Migongo ya kauri ilikuwa imekatwa ili zilale bapa kwenye kitambaa. Ukikata mgongo umeondoa ile pete ya manjano inayotambulisha kauri-pete, kwa hiyo nikatazama kingo: zina vipembe, si laini kama yai. Basi ni zile zilizotumika kama pesa zamani, zilizosafirishwa kwa wingi kutoka Maldives, na ambazo kwetu pia zipo.

Akauliza kupitia mkalimani: zinachumwaje? Nikaanza kumweleza bahari inavyoondoka alfajiri na kurudi, wanawake wameinama na vikapu. Askari alinyanyuka chini ya mjozi, akasogea, akachutama pembeni yetu asikie.