Shokapu za pikipiki: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

"Ukikaza ringi ya nyuma, springi inakuwa ngumu." Ringi hapa si ya tairi, ni ile ya shokapu ya nyuma inayozungushwa hatua kwa hatua kuibana springi. Hii imeenea kuliko zote Mwanza, na ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Anayebeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba huzungusha ringi hadi hatua ya mwisho, kisha anaisahau hapo.

Ukweli ni kwamba ugumu wa springi umo kwenye springi yenyewe: unene wa waya, upana wa springi na idadi ya mizunguko. Ringi haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Inachobadilisha ni kimo. Springi ikibanwa tangu mwanzo, nyuma hubaki juu hata ukipakia, na shokapu inabakiwa na nafasi ya kubonyea. Kwa mzigo ni sawa kabisa. Lakini ukishusha magunia na kurudi peke yako kwenye njia za mawe za Mabatini, nyuma haibonyei vya kutosha unapokaa. Tairi likifika kwenye shimo halina nafasi ya kulifuata chini. Linaning'inia, na breki ya nyuma inakosa pa kushika. Kwenye mteremko, hapo ndipo watu wanapoanguka.

Kupima ni kazi ndogo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la nyuma liwe hewani, upime kwa tepu kutoka ekseli hadi alama utakayoweka kwenye bodi juu yake. Ishushe, ukae kama unavyoendesha, miguu kwenye pedali, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya umbali wote ambao tairi linaweza kupanda na kushuka. Kwa pikipiki nyingi za barabarani ni kama milimita 30 hadi 40. Ikizidi, kaza. Ikipungua, legeza. Shokapu ya kushoto na ya kulia ziwe kwenye hatua ile ile, tafadhali, na ukibadili mzigo, badili na ringi.

"Kupandisha au kushusha pikipiki ni urembo tu." Hapana, unagusa usukani. Ukiinua nyuma, au ukisukuma mirija ya shokapu za mbele ipande juu ya vibanio vyake, mbele inasimama wima zaidi. Pikipiki inaingia kona upesi, ila ukiwa na kasi kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Musoma, usukani unaweza kuanza kutetemeka. Abiria wawili nyuma huleta kinyume chake: nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, kona inatanuka hadi upande wa wenzako. Milimita 5 tu zinasikika mikononi, kwa hiyo nenda kidogo kidogo, na uhakikishe tairi la mbele haligusi madigadi shokapu zikibonyea hadi mwisho.

"Oili ni oili, hata ya injini inatosha shokapu za mbele." Springi inabeba, oili inazuia springi isirudi kwa fujo. Pikipiki nyingi ndogo zimepangiwa oili ya shokapu ya 10W (namba hiyo ni kipimo cha uzito wa oili) au inayokaribiana nayo, na 20W-50 ya injini ni nzito mno. Ukipita kwenye mawe yaliyofuatana, jiwe la kwanza linabonyeza shokapu, na kabla haijarudi juu, la pili limefika. Inazidi kudidimia, mwisho inagonga chuma kwa chuma, na dereva analaumu springi. Kujaza oili kupita kiasi nako kunasukuma sili (mpira unaozuia oili isivuje) nje, na oili ikivuja hadi kwenye breki ya mbele umejitafutia ajali. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mfuate fundi anayetumia chupa ya vipimo.

"Ongeza springi ya pembeni, utabeba zaidi." Itabeba, lakini oili ya kuituliza ni ile ile, kwa hiyo kwenye tuta inamrusha abiria. Fremu, breki na tairi nazo hazijaongezewa chochote.

Kabla ya yote hayo, pima upepo wa tairi zikiwa baridi, maana tairi laini huiga kila ugonjwa wa shokapu. Na ukishabadili kimo, angalia taa usiku ukutani: nyuma ikishuka, mwanga hupanda na kumpofusha anayekuja mbele yako, basi rekebisha taa kabla hujaingia barabarani.