Aliyezama hakamuliwi maji, anapewa pumzi

Alasiri moja mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, walimtoa majini kijana wa miaka kama 15. Nilisikia kelele nikakimbia. Nilipofika, alikuwa ameshaning'inizwa kichwa chini, wanaume wawili wamemshika vifundo vya miguu, wa tatu anamkamua tumbo. Kila maji yalipomtoka mdomoni, watu walipaza sauti: "Yanatoka! Yanatoka!" Niliomba alazwe chini. Nikampulizia, nikakandamiza kifua, wenzangu wakanipokea. Hakurudi.

Hakuna aliyemtakia mabaya siku ile. Kila mmoja alifanya alichowahi kuwaona wakubwa zake wakifanya. Nawaandikia wavuvi wenzangu wa Katonga, Ujiji na Kibirizi, mabaharia wa boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini, vijana wanaojiunga na uokoaji, na bodaboda, ambao mara nyingi ndio gari letu la wagonjwa. Tunachokiamini mwaloni kinakula dakika ambazo aliyezama hana.

"Kwanza maji yatoke"

Hii ndiyo inayoua zaidi, na ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu macho yanaona maji yakitoka kweli. Lakini maji yale ni ya tumboni. Aliyezama humeza maji mengi. Yanayoingia kwenye mapafu kwa kawaida si mengi, na sehemu kubwa hunyonywa haraka kuingia kwenye damu. Hayazuii hewa yako kupita. Kinachomuua ni kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi bila oksijeni. Ukimkamua tumbo, unapandisha matapishi mpaka kooni, na kutoka kooni yanashuka kwenye mapafu. Unamzamisha mara ya pili, safari hii nchi kavu.

Tusione aibu, imani hii si yetu peke yetu. Ulaya ya karne ya 18 walikuwa wakimlaza aliyezama juu ya pipa na kumbingirisha. Hata Henry Heimlich, daktari wa Marekani aliyetangaza mwaka 1974 njia ya kusukuma tumbo kwa mtu aliyepaliwa, alihubiri kwamba njia hiyohiyo inamfaa aliyezama. Wataalamu wa ufufuaji waliikataa. Kuna pia wazee wetu waliofundishwa zamani kumlaza mtu kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumnyanyua viwiko. Hiyo ni njia ya Holger Nielsen wa Denmark, ya mwaka 1932, na kwa wakati wake ilikuwa elimu ya heshima. Iliachwa baada ya kuthibitika kwamba kupuliza mdomo kwa mdomo kunaingiza hewa nyingi zaidi, na baada ya watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker kuonyesha mwaka 1960, huko Baltimore, kwamba mikono miwili juu ya kifua inaweza kuzungusha damu.

Basi akishatolewa majini fanyeni hivi. Mlazeni chali mahali pagumu. Mchanga uliolowa karibu na maji unafaa kuliko ule mkavu unaodidimia. Mmoja apige simu 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Rudisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, tazama kifua na usikilize kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui sawasawa, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie mara 5, kila pumzi sekunde moja hivi, mpaka uone kifua kinainuka. Kuna mitaala inayofundisha kuanza na pumzi 2. Ukifundishwa hivyo, fanya hivyo. Kisha weka kiganja nusu ya chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza mara 30, halafu pumzi 2, tena 30, tena 2. Kwa mtu mzima kifua kibonyee sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Baada ya kila mkandamizo kiache kifua kiinuke chote. Wengi wetu tunaegemea, na moyo ulioegemewa haujai damu.

Mtaona povu jeupe, mara nyingine lenye wekundu, likimtoka mdomoni na puani. Linatisha. Ukilifuta linarudi, ukilifuta linarudi. Usipoteze muda nalo, pulizia juu yake. Matapishi ndiyo yanayostahili kushughulikiwa: mgeuze ubavu, yatoe kwa vidole, mrudishe chali, endelea. Kukandamiza kunachosha kuliko kuvuta kokoro, kwa hiyo pokezaneni kila dakika 2. Mwaloni hatukosi mikono.

"Siku hizi ni kubonyeza kifua tu"

Imani hii imeletwa na simu, na inashikwa sana na vijana waliowahi kuona video moja mbili. Ina nusu ya ukweli. Mtu mzima akianguka ghafla sokoni, mara nyingi moyo ndio uliokorofisha, na damu yake bado ina oksijeni. Huyo ukimkandamiza kifua tu utamsaidia sana. Aliyezama ni kinyume chake. Kwake pumzi ndiyo iliyokatika kwanza, oksijeni ikaisha, kisha moyo ukasimama. Ukimkandamiza bila kumpulizia, unazungusha damu isiyobeba kitu. Watoto nao wako hivyohivyo hata wasipokuwa wamezama, kwa kuwa moyo wao mara nyingi husimama kwa kukosa hewa.

Najua hofu ya magonjwa. Mafunzoni swali la VVU haliniachi, na jibu ni kwamba hakuna mtu anayejulikana kuambukizwa kwa njia hii. Boti ikiwa na barakoa ya kupulizia yenye vali, vizuri zaidi. Kama kupuliza kumekushinda kabisa, kandamiza. Ni bora kuliko kusimama. Na aliyezama akiwa mwanamke, mkono unakaa palepale, juu ya mfupa wa katikati. Nimeona wanaume wakirudi nyuma kwa haya wakati dada wa watu anaishiwa.

"Anakata roho, muacheni"

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana inagusa imani na adabu zetu kwa anayeondoka. Moyo ukishasimama, mtu anaweza kuendelea kutweta kwa dakika kadhaa: mdomo unafunguka, kidevu kinaruka, anavuta kwa nguvu kama anayekoroma, kisha kimya, kisha tena. Kuna wanaosema "bado anapumua" wakaacha kumsaidia. Wengine husema anakata roho, wakampisha. Yote mawili yanamnyima nafasi. Kutweta kule si kupumua, ni ubongo unaoishiwa oksijeni lakini haujafa, na kwa mwokoaji ndiyo saa ya kuanza. Anayemsomea amsomee akiwa upande wa kichwani, na sisi wengine tuendelee na kifua. Dua na mikono havizuiliani.

Mengine niyapitie haraka. Mbavu zinaweza kuvunjika, hasa kwa wazee, na utasikia mlio; hakikisha mkono uko mahali pake uendelee. Mashine ya kushtua moyo haiwashi moyo uliotulia kabisa kama filamu zinavyoonyesha. Inazima mtetemo wa moyo uliovurugika ili upate kupiga tena kwa mpangilio, na waliozama wachache tu ndio wenye mtetemo huo. Kuhusu PF3, hiyo ni fomu ya polisi na hospitali, itafuata kama inahitajika. Kumpulizia mtu hakusubiri karatasi. Pia kuna habari za watu waliozinduliwa baada ya muda mrefu ndani ya maji. Nyingi ni za nchi za barafu, ambako baridi kali iliulinda ubongo. Maji ya juu ya Tanganyika yana nyuzi kama 24 hadi 27. Hapa kwetu dakika ni chache.

"Angekuwa anazama tungemsikia"

Anayezama kweli hapigi kelele. Mdomo unaibuka na kuzama, pumzi haitoshi hata kusema "nisaidieni". Mikono haipungi, inayapiga maji kwa pembeni, kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Anaweza kupotea ndani ya sekunde 20 hadi 60, huku wenzake wakidhani anacheza.

Ukimwona, usijirushe kwanza. Atakukumbatia shingo na mtazama wawili. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, lenye kamba mkononi. Madumu ya mawese tunayo kila nyumba, na kila boti inayotoka na taa usiku ingepaswa kuwa nalo moja lililofungwa kamba kabisa, lisilobebeshwa mafuta wala maji. Mkimpandisha botini na ufukwe uko mbali, mlazeni juu ya mbao, ziondoeni nyavu chini yake, na muanze kumpulizia humohumo wakati mwenzenu anapiga kasia au anaendesha mashine.

"Amezinduka, apelekwe nyumbani akapumzike"

Akikohoa na kuanza kupumua, mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni. Ataomba maji, atasema yuko salama, mama yake atataka kumchukua. Msikubali. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika taratibu na kuanza kushindwa saa chache baadaye, usiku, wakati wote wamelala. Apelekwe Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu akaangaliwe kwa saa kadhaa, hata kama anatembea mwenyewe. Kwenye bodaboda asikae peke yake nyuma. Mtu ampakate na kusikiliza pumzi yake njia nzima, na ikikatika wasimame palepale barabarani wamlaze chini waanze upya.